Agriturismo ni nini? Shamba kwanza, meza baadaye

Anayekula kwa mara ya kwanza kwenye agriturismo huko Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, mara nyingi hukaa akisubiri menyu, na menyu haiji. Badala yake mwenye nyumba anatoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni, anaweka mezani ubao wa jibini na kikapu cha mkate, anataja kwa mdomo kilichopikwa leo, kisha anarudi zake jikoni. Hakuulizi unataka nini. Wala si ujeuri. Ukijua kwa nini hakuulizi, umeshaijua karibu maana yote ya neno hili.

Neno lenyewe ni maneno mawili ya Kiitaliano yaliyounganishwa: agricoltura, yaani kilimo, na turismo, utalii. Kwa Kiswahili husemwa utalii wa mashambani. Si tafsiri mbaya, ila inapotosha kidogo, kwa sababu humfanya mtu afikirie hoteli iliyojengwa nje ya mji, yenye bwawa la kuogelea na mizabibu ya kupigia picha. Mabwawa yapo, tena mengi. Lakini kisheria agriturismo si hoteli wala mgahawa. Ni shamba. Mwenyewe ni mkulima aliyeruhusiwa kulaza na kulisha wageni kama kazi ya kando, na kazi hiyo ya kando haitakiwi kuizidi kazi ya shamba.

Italia ilitunga sheria yake ya kwanza ya taifa kuhusu jambo hili mwaka 1985. Inayotumika leo ni sheria namba 96 ya mwaka 2006, na humo ndani mna mambo ambayo mgeni huyaona kwa macho bila kujua kuwa ni sheria. Kilimo lazima kiwe ndiyo kazi kuu, na kipimo kinachotazamwa hasa ni muda: saa zinazotumika shambani zikilinganishwa na zile za kuhudumia wageni. Mkulima mwenye wageni wasiozidi 10 hasumbuliwi na hesabu hiyo. Huhesabiwa moja kwa moja kuwa mkulima. Malazi yanatakiwa kuwa kwenye majengo yaliyokuwapo tayari shambani, ndiyo maana chumba chako huenda kilikuwa zizi la ng'ombe au ghala la nafaka, na kuta zina unene wa kutosha kukaa juu ya dirisha. Na jina lenyewe limefungwa: asiyekuwa na kibali hicho haruhusiwi kuandika agriturismo kwenye kibao chake. Sisi tuna msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe halitoki mkononi mwa mwenyeji. Akiliweka chini, na jina linamtoka.

Sasa turudi mezani. Sheria hiyohiyo inataka sehemu kubwa ya chakula na vinywaji itoke kwenye shamba lenyewe na kwa wakulima wa eneo hilo. Viwango kamili hupangwa na kila mkoa. Kwa hiyo mpishi haanzi na swali la mteja anapenda nini. Anaanza na bustani: kuna nini leo? Kama ni Februari, hakuna nyanya mbichi, na hutaletewa nyanya mbichi. Kuna kabichi nyeusi, maharage makavu, viazi, jibini ya kondoo iliyokaa ghalani tangu majira ya kiangazi. Kama ni Novemba, kuna mafuta mapya ya zeituni, na hapo utashangaa mtu anakuletea mkate na mafuta kwa majivuno kama ya mtu aliyechinja ng'ombe.

Hayo mafuta mapya yana habari yake. Zeituni za Toscana huchumwa Oktoba na Novemba, zikapelekwa kinuni haraka kabla hazijavunda. Mafuta yanayotoka ni ya kijani kibichi, machungu kidogo, na yanawasha koo kama pilipili manga. Mtu asiyeyajua hukohoa, na wenyeji hucheka. Huliwa kwenye fettunta, jina linalomaanisha tu kipande kilichopakwa mafuta. Kipande kinene cha mkate kinabanikwa juu ya makaa hadi kifanye mistari myeusi, kitunguu saumu kibichi kinasuguliwa juu yake kikiwa bado cha moto, hadi punje inaisha kama sabuni, kisha mafuta yanamiminwa bila huruma na chumvi inanyunyizwa mwishoni. Basi. Hakuna kingine. Sahani hiyo ukiila Juni utaiona ya kawaida. Ukiila wiki mafuta yanapotoka kinuni utaomba nyingine.

Chumvi inanyunyizwa kwa sababu mkate wa Toscana hauna chumvi kabisa. Wageni wengi hudhani mwokaji amesahau. Kuna hadithi kadhaa za kueleza ilivyoanza, kila mji na yake, lakini mezani sababu haina haja ya historia: vitu vinavyoliwa na mkate huo, jibini ya kondoo iitwayo pecorino na nyama zilizokaushwa, tayari vina chumvi ya kutosha wawili. Na mkate huo haukai laini muda mrefu, hukauka, na ndipo unapoanza maisha yake ya pili. Mkate mkavu pamoja na maharage meupe na kabichi nyeusi huwa ribollita, yaani iliyochemshwa tena, kwa kuwa hupikwa leo ikapashwa kesho, na ya kesho ndiyo tamu. (Hiyo kabichi nyeusi ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Mkenya akiionja atajua yuko nyumbani.) Mkate mkavu na nyanya huwa pappa al pomodoro. Mkate mkavu uliosagwa na kukaangwa kwa mafuta hunyunyiziwa juu ya tambi, pale ambapo mwenye uwezo angeweka jibini.

Waitaliano huita upishi huu cucina povera, mapishi ya maskini, na hapa umaskini si pambo la maneno. Kwa karne nyingi mashamba ya Toscana, Umbria na Marche yalilimwa kwa utaratibu ulioitwa mezzadria, kutokana na neno mezzo, nusu. Familia iliishi kwenye nyumba iliyo katikati ya shamba la bwana, ikalilima, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya ngano, nusu ya zabibu, nusu ya mafuta. Ukitoa nusu kwa bwana hutupi mkate kwa sababu umekauka. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wakakimbilia viwandani mijini, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo. Nyumba za mawe zikabaki tupu kwenye vilima, mapaa yakianza kuanguka. Mwaka mmoja baadaye, 1965, kikaundwa chama cha Agriturist kikiwa na wazo rahisi: watu wa mjini waje walale humo, walipie, na mkulima aliyebaki apate sababu ya kuendelea kubaki. Leo kuna agriturismo zaidi ya 25,000 nchi nzima, na Toscana pamoja na jimbo la Alto Adige, kule milimani mpakani na Austria, ndizo zenye nyingi zaidi. Mimi huona ajabu kidogo kwamba nyumba alimolala njaa babu wa mtu leo hulipiwa na watalii wanaotaka kula alichokula yeye. Lakini afadhali hivyo kuliko paa lililoanguka.

Jikoni, kama ukiruhusiwa kuingia, omba uone pici zikitengenezwa. Ni tambi za kusini mwa mji wa Siena, hukohuko Toscana, unga wa ngano na maji, mara nyingine na tone la mafuta, bila mayai. Mwanamke mtu mzima (kwa kawaida ni yeye) anakata ukanda wa donge, anauweka juu ya meza ya mbao, anauviringisha kwa viganja akianzia katikati kwenda nje, huku vidole vikiuvuta, na ukanda unarefuka hadi kuwa kamba nene kuliko tambi za dukani, isiyo sawasawa: hapa nene, pale nyembamba. Hiyo hitilafu ndiyo raha yake mdomoni. Huliwa na mchuzi wa nyanya na aglione, kitunguu saumu kikubwa cha bonde la Val di Chiana ambacho punje yake ni nene na harufu yake ni ya upole.

Anayeijua Italia kupitia Malindi au Watamu, ambako Waitaliano wamekaa miongo mingi na vijana wa ufukweni huongea Kiitaliano kama maji, amezoea pizza, gelato na samaki. Mashambani ni kitu kingine, na hubadilika kila baada ya mwendo wa saa mbili kwa gari. Puglia, kisigino cha nchi, shamba huitwa masseria, na mezani kuna orecchiette, tambi zenye umbo la masikio madogo. Alto Adige shamba huitwa maso, na vuli wakulima hufungua milango kwa mvinyo mpya na njugu za chestnati zilizochomwa. Veneto na Lombardia, kaskazini, kuna polenta, na polenta, ndugu msomaji, ni ugali.

Si mfano wa ugali. Ni ugali wa mahindi, ingawa wenyewe huwa na rangi ya njano na hupikwa muda mrefu zaidi, dakika 40 au zaidi, kwenye sufuria ya shaba. Mahindi yalitoka Amerika yakafika kwao na kwetu kwa njia tofauti. Polenta humwagwa juu ya ubao wa mbao, huachwa ikaze kidogo, kisha hukatwa kwa uzi uliovutwa mikono miwili. Tofauti kubwa ni ya historia: maskini wa kaskazini katika karne ya 18 na 19 walikula polenta tupu asubuhi mpaka jioni, wakapatwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini uliochubua ngozi na kuvuruga akili. Kitoweo si anasa, kumbe.

Kwa Mwislamu, neno moja la tahadhari kabla hajakaa. Nguruwe yumo kwenye vitu visivyoonekana kuwa naye: mchuzi wa nyama uitwao ragù mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe, maharage huweza kupikwa na ngozi yake, na maandazi mengine huwa na mafuta yake. Sema mapema, wakati wa kuweka nafasi: senza maiale, bila nguruwe, na senza vino ukitaka mvinyo usiingie hata sufuriani. Mwenyeji hakasiriki, kinachomkera ni kuambiwa chakula kikiwa tayari mezani. Fettunta, pici za aglione na mboga za bustani kwa kawaida hazina shida, ila jibini nyingi za kienyeji hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mnyama, kwa anayejali hilo.

Pia usiende bila kupiga simu. Sehemu nyingi ni malazi tu na kiamsha kinywa, na zile zinazopika hupika kwa hesabu ya vichwa: nane wamepiga simu, pici za wanane zimeviringishwa. Kutambua ile ya kweli si vigumu. Ukifika uone trekta lenye matope, si trekta la mapambo lililopakwa rangi. Uliza mafuta haya ni ya lini na yamekamuliwa wapi. Mwenye shamba ataonyesha kwa kidole, kule nyuma ya ghala, ile miti, na pengine ataanza kulalamika kuhusu mvua ya mwaka jana na nzi wa zeituni, na supu yako itapoa huku ukimsikiliza.