Mstari wa shabaha, na kwa nini jitu halina pa kujificha

Katika michezo ya vita ya mezani inayochezwa kwa visanamu, mstari wa shabaha ni ule mstari wa kudhania unaotoka kwa anayepiga hadi kwa anayepigwa. Ukifika bila kukatwa, unarusha dadu. Ukikatwa, sogea au ngoja zamu nyengine.

Barazani kwetu hapa Ng'ambo, Unguja, tunautoa mstari huo kwa uzi wa kushonea kofia. Mmoja anashika ncha huku, mwengine anaivuta kule, na wa tatu anainama kutazama umegusa nini. Ugomvi wote huanzia hapo.

Tuchukue HeroClix, mchezo wa Marekani uliotoka mwaka 2002. Ubao wake una miraba, na mstari hupimwa kutoka kitovu cha mraba mmoja hadi kitovu cha mwengine. Kisanamu cha adui kikiwa katikati, kwa kawaida kinaukata. Haina ajabu: mtu akisimama mbele yako penye urojo Forodhani, kikaango unakisikia tu.

Jitu, yaani kisanamu kikubwa kuliko vyengine, ndilo linaloharibu hesabu. Mstari unaotoka kwake, au unaokwenda kwake, haukatwi na visanamu vidogo kuliko yeye. Kumbuka Mwaka Kogwa kule Makunduchi, vumbi limetimka, watu wanapigana kwa migomba. Yupo mrefu mmoja kichwa kimewapita wote. Huyo anauona uwanja mzima, sawa. Lakini uwanja mzima nao unamuona yeye.

Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyoniumbua. Mara ya kwanza kupewa jitu nililiweka nyuma ya askari sita, nikijua nimeliwekea ngao. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa skuli, hata ndevu hana. Akavuta uzi juu ya vichwa vya askari wangu, akanitazama, akaniambia, "Shikamoo mjomba, naliona." Zamu tatu, jitu chini. Wale sita hawakuguswa hata mmoja.

Ukuta, hata hivyo, ni ukuta. Urefu unakuvusha juu ya watu, haukuvushi juu ya nyumba. Mrefu wetu wa Makunduchi mtie kwenye vichochoro vya Mkunazini uone kama ataona cha mtaa wa pili.

Si kila mchezo unakwenda hivyo. BattleTech, wa mwaka 1984, unahesabu kimo kwa ngazi: roboti aliyesimama ana ngazi mbili, na kilima kinachowapita kimo wote wawili kinawatenganisha. Warhammer 40,000, wa mwaka 1987, unakutaka uiname hadi jicho lako lilingane na kisanamu, utazame anachokiona. Kwa macho ni raha. Kwangu mimi ni mtihani, maana aliyechongwa amepiga goti anajificha kirahisi kuliko mwenzake aliyesimama, na wote ni askari wale wale. Afadhali uzi. Mwingereza H. G. Wells, kwenye kanuni zake za mwaka 1913, hakuhitaji yote haya: mizinga yake ya kuchezea ilirusha vijiti kweli kweli, kilichoanguka kimeanguka.

Limebaki jambo moja ambalo wageni hulisahau. Jitu lenyewe likisimama kati ya mdogo anayepiga asiye wa upande wake na mdogo anayepigwa, linaukata mstari wao kama kisanamu chengine chochote. Kijana yule alilijua hilo kabla yangu. Siku hizi jitu lake halirushi hata dadu moja. Analisukuma tu mbele mraba kwa mraba, wadogo zake wamejipanga nyuma yake, na mimi uzi wangu kila nikiuvuta unaishia kwenye goti la jitu.