Selimundu haina zamu

Kauli inayonichosha kuliko zote katika kliniki ya selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu, ni hii, nayo husemwa kwa furaha kabisa: "Daktari, si mlisema ni mmoja kati ya wanne? Wetu tumeshampata, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Wapo waliobeba mimba nyingine kwa kutegemea hesabu hiyo.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), kila mimba peke yake ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto SS, ambaye ndiye mgonjwa, asilimia 50 wa AS kama wazazi wake na asilimia 25 wa AA, asiye na S kabisa, bila kujali waliotangulia walikuwaje. Sababu ni kwamba kila mzazi ana nakala mbili za jeni ya hemoglobini na humrithisha mtoto moja tu, na ni bahati inayoamua upya kila mara iwapo yai au mbegu itabeba A au S, kama vile sarafu iliyoangukia upande mmoja jana isivyolazimika kuangukia upande wa pili leo. Tuchukue familia 100 za wazazi wa AS, kila moja ikiwa na watoto wanne: takribani 42 tu ndizo zitakazokuwa na mgonjwa mmoja kamili, 32 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, na 26 zitakuwa na wawili au zaidi. Yaani hata huo "mmoja kati ya wanne" wanaoushikilia hautimii katika familia nyingi. Sikatazi mtu kuzaa. Nakataa kuhesabiwa zamu ambazo hazipo.

Akina baba wanaodai kuwa ugonjwa umetoka ukoo wa mama wajue kwamba mtoto SS amepokea S moja kwa mama na nyingine kwa baba, hata kama baba huyo hajawahi kuugua siku moja. Na kwamba mtoto alizaliwa mzima kisha akaanza kuvimba vidole baada ya miezi kadhaa si dalili ya kurogwa: hemoglobini aliyotoka nayo tumboni ilikuwa ikimkinga, nayo hupungua kadiri anavyokua. AS nayo haigeuki kuwa SS uzeeni.

Wachumba huniletea kadi za kundi la damu, wote O chanya, wakiamini kuwa damu zao "zinaoana". Kundi la damu halisemi lolote kuhusu selimundu, kwani jeni ya makundi ya A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9 ilhali ya hemoglobini hii iko kwenye ya 11, na kila moja hurithiwa kivyake. Hata kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja hakitofautishi AS na SS, kwa hiyo ombeni elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, nyote wawili, na msiondoke maabara bila karatasi iliyoandikwa herufi zenyewe. "Mko sawa" ya mdomoni siipokei.