Sotoka ya mbuzi na kondoo kusini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwa kaya nyingi za Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, mbuzi wanne au watano waliofungwa kamba chini ya mikorosho ndio akiba ya nyumba: wakiuzwa hulipa ada ya shule, huleta dawa, au humaliza shughuli ya jando. Kwa hiyo maneno yanayopita vijijini kuhusu sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi ambao maafisa mifugo huuita PPR, yanafaa kupimwa moja baada ya jingine, maana baadhi yake yakiaminiwa humaliza zizi.

Linalosikika zaidi ni kwamba huo ni ugonjwa wa wafugaji wa kaskazini. Ni kweli kwamba nchini ulithibitishwa kwanza Ngorongoro, mwaka 2008. Hata hivyo, wataalamu waliofuatilia mlipuko wa kusini walibaini kwamba mwanzo wake ulikuwa kijiji cha Likombe, wilayani Newala, ambako mwaka 2009 waliingizwa mbuzi walionunuliwa katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka hapo, kisha ukaenea katika vijiji na wilaya za jirani. Virusi hivyo vilipanda lori pamoja na mbuzi. Mwaka 2010 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari kwamba mbuzi na kondoo zaidi ya milioni 50 katika nchi 15 za kusini mwa Afrika walikuwa hatarini, na waliotakiwa kukaa macho kwanza walikuwa majirani zetu wa Msumbiji, Malawi na Zambia. Ununuzi wa kijiji kimoja ulikuwa umegeuka kuwa shauri la kanda nzima.

Kutokana na hilo wapo wanaodhani kwamba kizuizi cha barabarani, au ukaguzi kwenye Daraja la Umoja kule Mtambaswala, mpakani na Msumbiji, unatosha kuuzuia. Mbuzi aliyeambukizwa huweza kukaa siku 4 hadi 6, pengine hata 10, kabla ya kuonyesha dalili, ilhali lori kutoka Pugu hufika Masasi ndani ya siku moja tu. Mkaguzi anayemtazama mbuzi huyo humwona mzima kabisa. Kinachomsaidia ni kibali cha kusafirisha mifugo kinachosema mnyama ametoka wapi, pamoja na taarifa kutoka wilaya ya huko kwamba kuna ugonjwa au hakuna. Na kule anakofika, mnyama mgeni atengwe kwa wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Kibali kilichoandikwa kwa mazoea, bila mtu kumpigia simu mwenzake wa wilaya ya pili, ni karatasi tu.

Dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayosema kwamba anayetoa taarifa anajiletea karantini, hivyo ni heri kunyamaza na kuwauza mapema waliobaki. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa karantini hufunga mnada na fedha ya mtu hukwama. Lakini mbuzi wanaouzwa kwa haraka ndio wanaoupeleka ugonjwa kijiji cha pili, na hapo karantini iliyokuwa ya kijiji kimoja huwa ya wilaya. Katika kundi ambalo halijawahi kukutana na virusi hivyo wala kuchanjwa, vifo huweza kufikia 90 kwa kila 100.

Asubuhi ya kwanza mfugaji huona jambo dogo: mbuzi amejitenga, manyoya yamesimama, machozi yanamtoka. Baada ya siku moja au mbili makamasi huwa mazito na kuganda puani, kope hushikana kwa tongo, vidonda hutokea kwenye fizi na ulimi, kisha huja kuhara na kikohozi. Siku hizo za mwanzo, wakati homa ingali juu, ndizo za kumwita afisa mifugo wa kata, kwa kuwa sampuli ya machozi au makamasi iliyochukuliwa wakati huo na kufika maabara ikiwa kwenye barafu hutoa jibu la kuaminika. Mzoga wa siku tatu hausemi mengi, na homa ya mapafu ya mbuzi huweza kufanana na sotoka kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu.

Sindano ya antibayotiki ambayo wengi huikimbilia haiui virusi. Huzuia bakteria wanaovamia mapafu yaliyokwisha kudhoofika, na wapo mbuzi wanaopona kwa msaada huo, ila haizuii maambukizi kwenda kwa wengine. Kuhusu binadamu, jibu ni fupi: sotoka hii haimwambukizi.

Chanjo nayo husingiziwa kuua mbuzi. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba timu hufika wakati ugonjwa umekwisha kuingia, ikachanja wanyama ambao tayari wana virusi, nao wakafa siku chache baadaye. Dozi moja ya chanjo iliyotunzwa kwenye ubaridi hulinda kwa miaka 3 au zaidi; ikiachwa juani juu ya pikipiki huharibika, na mbuzi aliyechomwa hubaki bila kinga.

Tatizo jingine ni imani kwamba kila halmashauri ichanje kwa wakati wake, fedha zikipatikana. Mbuzi huzaa haraka, na kila kizazi kipya huzaliwa kikisubiri chanjo. Newala ikichanja mwaka huu na Masasi mwaka ujao, minada inayowakutanisha huwa na wanyama wasio na kinga wakati wote. Zaidi ya hayo, kipimo cha damu hakitofautishi kinga iliyotokana na chanjo na ile iliyoachwa na ugonjwa. Mtaalamu anayekuja baadaye kuchunguza iwapo virusi bado vinazunguka hulazimika kuuliza nani alichanjwa, lini na katika kijiji kipi. Hivyo basi alama ya sikioni na daftari la chanjo la kijiji ni sehemu ya ufuatiliaji sawa na maabara yenyewe, na nakala ya daftari hilo inapaswa kufika wilaya ya jirani kabla ya mnada unaofuata.