Mbio ndefu kwa gari chakavu: anza na mfuniko wa rejeta

Wiki iliyopita dogo mmoja kaja gereji hapa Isevya, Tabora, na Carina Ti yake ya zamani, "shikamoo fundi", marahaba mdogo wangu, akatoa simu akanionesha video ya magari mabovu mabovu yanakimbizana Marekani, mengine yamepakwa rangi za ajabu, mengine milango imefungwa kwa waya, akaniuliza, "fundi, hii yangu tukiiwekea ekzosi kubwa si inaingia humu?" Nikamwambia fungua boneti kwanza. Injini ilikuwa ya baridi, nikafungua mfuniko wa rejeta, lile pipa la mbele linalopoza maji ya injini, mpira wake wa ndani umekauka umepasuka kama udongo wa kiangazi, na ndani maji ya bomba yameshageuka rangi ya kutu. Nikaona hapa kuna somo, na kwa kuwa hizi mbio nazifuatilia miaka mingi na nazipenda kweli ngoja niliandike.

Zile mbio zinaitwa 24 Hours of Lemons, zilianza 2006 kule California, mwanzilishi ni Jay Lamm. Jina limechezea zile mbio za masaa 24 za Le Mans kule Ufaransa zilizoanza 1923, na kwa Mmarekani limau, yaani "lemon", ni gari bovu, lile unalouziwa halafu ndo unagundua umeingia hasara. Sheria yake kubwa ni kwamba gari lote lisizidi dola 500, yaani milioni moja na kitu ya kwetu, hela ambayo hupati hata pikipiki mpya. Vitu vya usalama havihesabiwi kwenye hiyo hela, na hapo ndo nawaheshimu, maana keji ya mabomba ndani ya gari, siti ya mbio, mikanda, ovaroli isiyoshika moto na helmeti vikijumlishwa vinapita bei ya gari lenyewe, na bila hivyo huingii. Majaji wanalikagua gari, wakiona umedanganya bei wanakupiga mizunguko ya adhabu kabla hata hujaanza. Magari wanayapanga madaraja A, B na C, na tuzo kubwa kuliko zote haiendi kwa aliyewahi, inaitwa Index of Effluency, anapewa yule aliyefika mbali na gari ambalo hakuna aliyetegemea litoke hata uwanjani. Mimi hiyo tuzo naielewa sana, ndo kazi yangu ya kila siku.

Sasa dogo hesabu yake iko kwenye spidi. Tupige hesabu. Chukua mbio za masaa 14, maana nyingi wanazigawa siku mbili za mchana. Gari la kwanza linamaliza mzunguko kwa dakika 2, la pili kwa dakika 2 na sekunde 5. Yote yasiposimama la kwanza linapiga mizunguko 420, la pili 403. Tofauti 17. Hiyo mizunguko 17 ni kama dakika 34 tu, kwa hiyo yule mwenye kasi hozi ya rejeta ikimpasukia mara moja, akavutwa, akasubiri injini ipoe, akabadilisha, akajaza maji na kutoa upepo, kazi yake yote ya siku mbili imeisha. Sekunde 5 kila mzunguko kwa masaa 14 zimeliwa na hozi moja!

Ndo maana nasema anza na joto. Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yakiwa wazi huku yanachemka kwenye digrii 96 hivi, sio 100. Mfuniko mzima unabana presha ndani, ile namba 0.9 iliyoandikwa juu yake inapandisha kiwango cha kuchemka kwa kama digrii 20 zaidi. Mpira ukishapasuka presha inavuja, maji yanachemka mapema, yanatokea kwenye kichupa cha akiba, halafu silinda hedi ya aluminiamu inapinda na gasketi inaungua. Na kitu wengi hawakijui, maji yakiisha kabisa geji ya joto inaweza kushuka, kwa sababu sensa haijaguswa tena na maji, dereva anafurahi imepoa kumbe anaua injini.

Alafu kuna hii tabia yetu mafundi ya kutoa themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto ili yapite rejeta, gari likichemsha. Nimeifanya sana zamani na niliacha. Kuna injini themostati yake ikifunguka inaziba njia ya pili ya maji yanayozunguka bila kupita rejeta, ukiitoa unaiacha ile njia wazi, sehemu ya maji hairudi kupozwa, unazidisha tatizo uliloitiwa. Na kama haichemshi basi inakimbia ya baridi, inakunywa mafuta, na kwenye mbio ndefu mafuta ni kusimama. Weka themostati nzima, weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, osha rejeta, angalia feni inawaka kweli.

Cha pili breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani taratibu. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka digrii 205, ikishanyonya unyevu inashuka mpaka kama 140. Kwenye uwanja unakanyaga breki kila kona kwa masaa, yakichemka yanatoa mapovu, pedeli inazama mpaka chini na gari halisimami. DOT 4 mpya ni 230, na chupa yake sio hela ya kukuzuia.

Cha tatu oili, kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja wa sempu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa, beringi zinakauka, injini imenoki. Kagua kiwango kila ukisimama.

Wala haya si mageni kwetu. Mbio za magari za Safari Rally zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Dereva wa Kenya, Joginder Singh, alishinda 1965 na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Bert Shankland, aliyekuwa anaishi hapa Tanzania, akachukua 1966 na 1967 na Peugeot 404, lile lile ambalo wazee wetu wanalikumbuka limebeba magunia.

Dogo nilimwomba kitu kimoja, asijaribu mashindano barabara ya Nzega, pale kuna baiskeli za mkaa, watoto wa shule na mabasi, na yeye hana keji wala ovaroli. Akakubali. Anachotaka kweli ni kwenda Kigoma kumuona bibi yake, zaidi ya kilomita 400, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, mchana wa jua la mwezi wa kumi. Nikamwambia hiyo ndo mbio yako, tuliandae gari kama vile majaji wanatusubiri Kigoma. Tumebadilisha mfuniko, themostati, hozi mbili na mafuta ya breki, ekzosi hatujaigusa. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi akaondoka, saa nane mchana nikapata meseji: "Fundi nimefika Uvinza, geji iko katikati, haijasogea."