Rolikeji huanzia sakafuni: namna ya kuifunga salama kwenye gari la mashindano

Wengi wanaoleta gari la mashindano kukaguliwa huanza kwa kutuonyesha mabomba ya rolikeji, yaani keji ya chuma inayomlinda dereva gari likibiringika: yalivyokunjwa kwa ustadi, yalivyokaa karibu na paa, rangi ilivyokolea. Mkaguzi yeye huchukua tochi na kuingia chini ya gari. Anachotafuta ni mahali ambapo keji inakutana na bodi, kwa maana hapo ndipo kazi mbovu hujificha, hata pale fundi alipotumia bomba la daraja la juu.

Chukua gari la kilo 1,200 linalobiringika na kutua kwa pembe moja ya paa. Kwa sehemu ndogo ya sekunde, nguvu inayozidi uzito wa gari lenyewe hushuka kupitia bomba moja au mawili hadi sakafuni. Sakafu hiyo, kwa gari lililotoka kiwandani kwa ajili ya barabara, ni bati ambalo mara nyingi halifiki milimita 1 kwa unene. Bomba la kipenyo cha milimita 45 lenye ukuta wa milimita 2.5 lina chuma cha takriban sentimita 3.3 tu za mraba kwenye mdomo wake. Lisimamishe juu ya bati hilo bila kitu cha kutandaza nguvu, nalo litapenya kama msumari kwenye kopo. Bomba halijapinda, weldi haijaachia, lakini paa limeshamfikia dereva kichwani.

Ndiyo sababu kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, zinasisitiza sana miguu ya keji. Keji ya kawaida inatakiwa kuwa na miguu isiyopungua sita: miwili ya tao kuu (bomba kubwa linalopanda upande mmoja, kupita chini ya paa na kushuka upande wa pili) nyuma ya viti, miwili ya mbele, na miwili ya mihimili inayoelekea nyuma. Kwa keji ya bolti, kila mguu wa tao kuu na wa mbele hushikwa kwa bolti zisizopungua tatu, juu ya bamba la chuma lenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita 120 za mraba, bamba ambalo lenyewe limechomelewa kwenye bodi. Linganisha na zile sentimita 3.3 za mdomo wa bomba. Nguvu ileile sasa imetandazwa mara 36. Mihimili ya nyuma imeruhusiwa bamba la sentimita 60 za mraba na bolti mbili.

Eneo la bamba peke yake halitoshi. Bamba la sentimita 10 kwa 12 lililolazwa katikati ya sakafu, mbali na kingo zote, litabonyea pamoja na bati lake. Lisogeze hadi kwenye boksi la chini ya mlango, ulikunje lipande ukuta wa boksi hilo, uchomelee pande zote mbili. Hapo limeshika sakafu na ukuta kwa pamoja, na bodi ya gari imepata nafasi ya kusaidia. Pembe zake zizungushwe kwa grenda, kwa sababu pembe kali hukusanya mkazo na nyufa za bati huanzia pale.

Kabla ya kuchomelea, bodi ikwanguliwe hadi chuma kitupu, ndani na nje. Ukikuta kutu imekula, kata ule upande wote uweke bati jipya. Bamba jipya juu ya bati lililooza ni mapambo. Magari mengi ya siku hizi yamepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na baridi kali saa chache baadaye, kwa hiyo iondoe kwanza na uruhusu hewa ipite. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wachache hulijua: dawa ya kusafishia breki yenye klorini isitumike kabisa kwenye chuma kitakachochomelewa. Joto na mwanga wa weldi huweza kuibadilisha kuwa fosjini, gesi inayoua mapafu. Ondoa tangi la mafuta, tenganisha betri na kompyuta ya gari, futa lami ya chini ya sakafu upande wa pili wa unapochomelea, na awepo mtu mwenye kizima moto ambaye kazi yake ni kuangalia tu.

Kuhusu bomba lenyewe sitakaa sana. Liwe la chuma kisicho na mshono, lililovutwa baridi, lenye nguvu ya mvuto isiyopungua megapaskali 350. Tao kuu ni milimita 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2. Sehemu nyingine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Likunjwe baridi, na nusu kipenyo cha kona kisiwe chini ya mara tatu ya kipenyo cha bomba. Kona iliyojikunyata au kubonyea ikataliwe hapohapo. Bomba la maji, hata nene, si mbadala.

Kazi inayowashinda wengi ni weldi za juu. Kanuni inataka weldi izunguke bomba lote, duara kamili, lakini bomba likishabanwa karibu na paa hakuna mkono wala tochi ya weldi inayofika upande wa juu. Matokeo yake ni weldi nzuri kwa chini na mwanya mtupu kwa juu, uliofunikwa kwa rangi. Mafundi wazoefu hulimaliza tatizo hili hivi: wanaipanga keji yote ndani ya gari na kuishikiza kwa madoa ya weldi, kisha wanatoboa sakafu mahali pa miguu na kuishusha keji nzima ndani ya matundu hayo. Sasa pana nafasi kati ya paa na bomba. Wakishazungusha weldi zote za juu wanaiinua tena, ndipo wanaweka mabamba yanayoziba matundu na kuwa mahali pa kudumu pa kukalia miguu ya keji. Ukimuuliza fundi alifikaje juu na akakosa jibu, omba kioo kidogo ujionee mwenyewe.

Kwa keji ya kufungwa kwa bolti, tumia bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) au kubwa zaidi, daraja la 8.8 au zaidi, zenye nati za kujifunga au washa za kuzuia kulegea. Daraja limegongwa kichwani mwa bolti. Kama hakuna namba, usiitumie. Bolti za mguu mmoja zisipangwe kwenye mstari, zizunguke bomba ili zisipungue nyuzi 60 kati ya moja na nyingine ukipima kutoka kwenye mhimili wa bomba. Mimi binafsi napendelea keji ya kuchomelewa kwa gari linalokimbia kwa kasi kubwa, kwa kuwa huifanya bodi nzima iwe ngumu. Lakini keji ya bolti iliyofungwa vizuri ni bora kuliko weldi ya mtu anayejifunza: bolti iliyolegea inaonekana na inakazwa, weldi isiyozama inajulikana siku ya ajali.

Mihimili ya nyuma iwe imenyooka, bila kona hata moja, na iegemee kwa angalau nyuzi 30 kutoka wima. Iliyosimama wima mno haizuii tao kuu lisilale mbele au nyuma. Pia mabomba ya keji yasigeuzwe njia ya mafuta, maji au waya.

Upande wa mlango unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu pale hakuna boneti wala buti ya kumeza pigo. Septemba 2005, kwenye Wales Rally GB, mwelekezi (anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia) Michael Park alifariki baada ya gari alilokuwemo na Markko Märtin kugonga mti upande wake. Lilikuwa gari la kiwanda, la ngazi ya juu kabisa. Kwa hiyo usiridhike na bomba moja la mlangoni lililowekwa chini ili iwe rahisi kuingia. Weka mawili yanayokatana, na sogeza kiti kuelekea katikati ya gari kadiri usukani unavyoruhusu. Kila sentimita kati ya bega na mlango ina kazi.

Kisha angalia kichwa. Bomba lililo karibu na helmeti livikwe sponji ngumu ya viwango, kwa FIA ni 8857-2001 aina A. Ile laini ya kuvalisha mabomba ya maji haisaidii chochote kwenye pigo la kichwa. Na kwa wanaotaka keji kwenye gari la kuendea kazini kwa sababu inapendeza: bila helmeti na mikanda ya mashindano, chuma hicho kiko karibu na fuvu lako kila siku, na ajali ndogo ambayo mkanda wa kawaida na mfuko wa hewa vingeimudu inaweza kukuvunja kichwa. Huwa tunawashauri wasiiweke.

Baada ya mashindano ya kwanza, kagua bolti zote na uzikaze upya kwa spana ya kupimia nguvu, kisha tazama rangi kandokando ya mabamba. Ufa mwembamba kwenye rangi ni dalili kwamba bati linacheza. Gari likishapinduka, bomba lililopinda halinyooshwi kwa nyundo wala kwa jeki. Hukatwa na kubadilishwa, na kama keji ina cheti, ukarabati hufanywa na aliyeitengeneza au kwa idhini yake. La sivyo cheti hicho hakitambuliwi tena.