Jiko la umeme la bei nafuu: tazama waya na vipuri kabla ya nembo

Swali la kwanza tunaloulizwa na wanunuzi ni "kampuni gani ni nzuri?" Ni swali la haki, ila jibu lake halifiki mbali. Nembo moja hubandikwa kwenye jiko litakalodumu na pia kwenye jiko litakalosumbua kabla waranti haijaisha, na si ajabu majiko mawili yenye nembo tofauti yakawa yametoka kiwanda kimoja. Sisi tunaokagua vifaa vya umeme huuliza mambo mengine mawili. Je, nyumba ina waya wa kulibeba jiko hilo? Na likiharibika, kitakufa nini kwanza, na kitapatikana wapi? Jiko lenye majibu mazuri hapo ndilo la bei nafuu, hata kama dukani limezidi kidogo.

Tuanze na waya, maana hapa ndipo bajeti nyingi huvurugika. Chukua jiko la kawaida lenye plati nne na oveni chini yake. Plati moja ya wati 1,000, mbili za wati 1,500, moja ya wati 2,000, na oveni ya wati 2,500: jumla ni wati 8,500. Kwa umeme wa volti 230 hizo ni ampea 37 vyote vikiwaka pamoja. Soketi ya ukutani ya ampea 13 hubeba wati 3,000 hivi, basi. Kwa hiyo jiko kamili halichomekwi kwenye soketi ya kawaida, na waya wa kurefushia haufai kabisa. Linahitaji laini yake lenyewe kutoka kwenye boksi la swichi kuu, mara nyingi kebo ya milimita 6 za mraba yenye breka ya ampea 32. Breka ya 32 hutosha kwa jiko la 37 kwa sababu ni nadra kila kitu kuwaka kwa wakati mmoja, na plati zikishapata moto hujizima na kujiwasha zenyewe. Lakini mwenye kuamua hilo ni fundi umeme mwenye leseni, baada ya kuona umbali wa kebo na jinsi ilivyopitishwa ukutani. Si muuzaji.

Mwite fundi huyo kabla ya kulipia jiko. Gharama ya kuvuta laini mpya inaweza kukaribia bei ya jiko la hali ya chini, na mnunuzi aliyekwisha kulipa hushawishika kuunga kwenye waya uliopo ili yaishe. Nyaya zilizozidiwa hazitoi taarifa. Huchemka ndani ya ukuta hadi plastiki yake ilainike. Kama nyumba haiwezi kuongezewa laini, jiko dogo la plati mbili, lisilo na oveni, linalochomekwa kwenye soketi, na oveni ndogo ya mezani inayotumiwa kwa zamu nalo, ni uamuzi wa busara kuliko jiko kubwa lililofungwa kwa kubahatisha.

Volti nazo zina neno. Nguvu ya plati hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, plati ya wati 2,000 hubaki na wati 1,500 tu. Wengi hurudisha majiko dukani wakidai ni mabovu kumbe umeme wa mtaa umelegea. Plati ya kawaida huvumilia hali hiyo, hupika polepole tu. Majiko ya kielektroniki hayana uvumilivu huo, na umeme ukipanda ghafla ndio huyaua.

Sasa aina za majiko yenyewe. La bei ya chini kabisa kwa kawaida ni lenye koili, ule mviringo wa bomba jembamba linalogeuka jekundu. Ndani ya bomba mna waya wa nikeli na kromiamu uliozungukwa na unga wa magnesiamu oksaidi, unaopitisha joto bila kupitisha umeme. Ni teknolojia ya zamani, haina urembo, kusafisha chini yake ni kero, na ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye fedha kidogo. Koili za majiko mengi huchomolewa kwa mkono, jiko likiwa limezimwa kwenye swichi kuu, na nyingine ikachomekwa. Huhitaji hata bisibisi.

Plati za chuma zilizofunikwa hudumu vizuri lakini huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Mpishi aliyezizoea huzima mapema na kumalizia na joto lililobaki, asiyezizoea huunguza.

Jiko la kioo lina waya wa kupasha joto chini ya kioo cha kauri kinachostahimili joto. Hupendeza na hufutika kwa kitambaa. Kioo hakivunjiki kwa moto, huvunjika kwa kuangukiwa na kitu kizito au chenye ncha, na sukari iliyoyeyuka ikigandia juu yake huling'oa tabaka la juu na kuacha vishimo. Kabla ya kununua, uliza bei ya kioo cha kubadilisha. Ukisikia kinagharimu karibu nusu ya jiko, jiulize kama jikoni kwako sufuria hazidondoki.

Induksheni huonekana kama jiko la kioo lakini haina kinachowaka. Koili ya shaba hutengeneza usumaku unaoipasha sufuria yenyewe. Ni ya haraka, huitika mara moja ukipunguza moto, na kioo hakiungui sana kwa kuwa joto lake hutoka kwenye sufuria. Sharti lake ni sufuria inayoshika sumaku. Chukua sumaku yoyote uiguse kwenye kitako: ikinasa, inafaa, isiponasa, kama ilivyo kwa aluminiamu tupu na shaba, ongeza bei ya sufuria mpya kwenye hesabu.

Watu huambiwa induksheni itarudisha gharama yake kwa kuokoa umeme. Tupige hesabu. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji joto la uniti 0.17. Koili au kioo cha kawaida hufikisha kwenye chakula asilimia 70 hadi 75 ya umeme kinaoutumia, kwa hiyo mita itahesabu kama uniti 0.24. Induksheni hufikisha asilimia 85 hivi, na mita itahesabu uniti 0.2. Tofauti ni sehemu nne za mia za uniti. Chemsha mara mia, umeokoa uniti nne. Kwa familia kubwa inayopika tangu alfajiri faida hiyo hujikusanya. Kwa anayepika mara moja kwa siku, itachukua miaka mingi. Inunue kwa wepesi na usalama wake, si kwa ahadi hiyo.

Kuhusu kinachokufa kwanza: katika jiko la swichi za kuzungusha, ni koili, swichi yenyewe, taa ya oveni, themostati (kidhibiti cha joto) na raba ya mlango. Vyote ni vipuri vidogo, na vingi vina vipimo vinavyoingiliana kati ya kampuni na kampuni. Katika jiko la vitufe vya kugusa, mara nyingi ni bodi ya elektroniki. Bodi ya modeli moja haiingii nyingine, na modeli ikiacha kutengenezwa bodi hupotea sokoni. Hapo jiko zima lenye plati nzima na oveni nzima hutupwa kwa ajili ya kipande kisichozidi kiganja. Kwa hiyo nikiwekewa majiko mawili ya bei moja, moja likiwa na skrini na programu ishirini za kuoka, jingine likiwa na swichi sita tu, nachukua la swichi sita bila kusita. (Saa ya kidijitali pekee haina ubaya, ingawa majiko mengine hukataa kuwasha oveni mpaka saa irekebishwe kila umeme unaporudi. Jambo hilo lipo kwenye kitabu cha maelekezo, na wachache hukisoma.)

Dukani, andika namba kamili ya modeli kisha mpigie fundi, si muuzaji, umuulize kama ameshawahi kupata vipuri vya jiko hilo. Simu hiyo moja ina thamani kuliko waranti ya maneno matamu. Waranti isome vilevile: nyingi hazigusi kioo, balbu wala raba, na baadhi hufutika jiko lisipofungwa na fundi anayetambuliwa.

Oveni ipimwe kwa mikono. Fungua mlango nusu uuachie: bawaba nzuri huushikilia. Bana karatasi kwenye mlango uliofungwa kisha uivute. Ikitoka bila upinzani popote, joto nalo litatoka hapohapo. Feni ya ndani ni nyongeza inayostahili fedha, kwani husambaza joto na kukuruhusu kupunguza nyuzi 20 hivi. Programu ya kujisafisha kwa moto mkali siipendekezi kwa anayetafuta jiko la kudumu. Hufikisha karibu nyuzi 500, na fyuzi ya joto au kufuli la mlango huweza kufa siku hiyohiyo ya kujisafisha.

Usalama hauna punguzo la bei. Tafuta kibao cha taarifa kwenye fremu ya mlango au mgongoni: kiwe na volti, wati, namba ya modeli na alama ya mamlaka ya viwango. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa majiko na oveni za nyumbani ni IEC 60335-2-6. Jiko lisilo na kibao usilinunue, mpya au kuukuu. Waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, lazima ufungwe. Fundi anayesema "hata bila ethi litawaka" anasema kweli, na ndiyo maana asiguse jiko lako. Jiko la kusimama lina pia kishikizo cha kulizuia lisipinduke, kitu ambacho viwango vya Marekani vimekidai tangu 1991. Mtoto akikanyaga mlango wa oveni uliofunguka, jiko lisilofungwa huweza kumwangukia pamoja na sufuria zinazochemka. Mafundi wengi hukiacha kwenye boksi, kwa hiyo kiulizie.

Jiko kuukuu si baya, mradi uliwashe kabla ya kulipa. Washa kila plati hadi kiwango cha juu na uiangalie ikipata moto sawasawa, kisha rudisha chini uone kama inapunguza kweli. Swichi iliyokufa mara nyingi huacha plati iwake kwa nguvu zote popote unapoizungusha.

Siku ya kwanza nyumbani, washa oveni tupu kwa nyuzi 200 au zaidi kwa nusu saa, madirisha wazi, mafuta ya kiwandani yaungue. Swichi ya kinga ya uvujaji, ile ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja, ikijikata, usidhani umeuziwa bovu papo hapo. Unga ule wa ndani ya koili hufyonza unyevu wakati jiko likikaa ghalani, na unyevu huvujisha umeme kidogo. Mwite fundi apime, na ikithibitika ni unyevu tu, alikaushe taratibu kwa moto mdogo. Likiendelea kukata baada ya kukauka, lirudishe dukani pamoja na risiti na maandishi ya vipimo vyake.