Je, wajua kwa nini kubadili pasiwedi ya diski iliyosimbwa kunachukua sekunde chache tu?

Laptopu yangu ya nyumbani ni ya kizamani, diski yake ya GB 500 ile ya kuzunguka, sio SSD. Nikawasha BitLocker ya Windows isimbe diski nzima, yaani ivuruge data zisisomeke bila ufunguo, maana pasiwedi ile ya kawaida ya kuingilia haisaidii kitu, mwizi anafungua skrubu anatoa diski anaichomeka kwenye mashine nyingine anasoma mafaili yako yote kiulaini. Basi ikakesha. Asubuhi naamka bado inasaga tu. Baada ya wiki mbili nikashtukia dogo ananichungulia nikiandika pasiwedi ya BitLocker, nikaibadili, sekunde chache imeisha. Nikasema hapa nimepigwa, kama pasiwedi ndo inafunga data si ilitakiwa ikeshe tena kufunga upya?

Kumbe pasiwedi haifungi data hata kidogo.

Siku unayowasha ulinzi, kompyuta inajitungia yenyewe namba ndefu ya kubahatisha, biti 128 au 256, na hiyo ndo ufunguo unaovuruga kila kinachoandikwa kwenye diski kwa kutumia hesabu inayoitwa AES, waliitunga Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, Marekani ikaipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2001. Huo ufunguo wewe huuoni maisha yako yote. Pasiwedi kazi yake ni kuufungia ufunguo basi. Chukulia bibi ana stoo yenye kitasa kikubwa, ufunguo wa stoo kauficha kwenye kibweta chenye kikufuli. Ukibadili kikufuli cha kibweta, magunia ya stoo hakuna aliyeyagusa. Hao BitLocker wao wameenda mbali zaidi, wana kibweta ndani ya kibweta, na wanaweka nakala tatu sehemu tofauti za diski.

Na ndo maana inawezekana pasiwedi zaidi ya moja. Zile tarakimu 48 za dharura unazopewa na BitLocker ni kikufuli kingine tu kinachofikia ufunguo uleule. Kwa wale wa Linux, LUKS2, ambayo ndo kama BitLocker yao, inakupa nafasi za pasiwedi mpaka 32, kwahiyo mke na mume kila mtu na yake, wakigombana unafuta moja nyingine inaendelea.

Sasa kwa nini wasitumie pasiwedi moja kwa moja? Kwa sababu watu tunaandika jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, hiyo kompyuta inaikisia fasta. Ile sekunde moja mbili unayosubiri LUKS2 ikufungulie imewekwa makusudi, kuna hesabu inaitwa Argon2 inakula memori na muda, wewe unasubiri mara moja tu ila anayejaribu pasiwedi milioni kumi atazeeka hapo.

Lakini kibweta kina mambo yake. Kwenye Linux kinakaa mwanzoni kabisa mwa diski, kwenye heda, yaani kile kipande cha mwanzo chenye taarifa za kufungulia, na sehemu ya funguo ikiharibika hata kama pasiwedi unaijua kichwani data zimekwenda, haijalishi fundi ni nani. Kwahiyo watu wanatoa bakapu ya heda kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup wanaweka kwenye flashi. Halafu hapa ndo wengi hawajui, hiyo bakapu ya zamani inafunguka kwa pasiwedi ya ZAMANI. Kama kuna mtu ana nakala ya heda yako na pasiwedi ya kipindi hicho, badili utakavyo, ufunguo wa stoo anao. Hapo dawa ni kusimba upya diski nzima, ukeshe tena.

Uzuri wake sasa, ukitaka kuuza laptopu huna haja ya kufuta faili moja moja wala kupitisha sifuri diski nzima, unavunja kibweta tu, yaani unafuta ile sehemu ya funguo, na kama hakuna bakapu popote imeisha, yaliyobaki kwenye diski ni takataka.

Kitu kingine, mashine ikiwa imewaka ufunguo uko wazi kwenye RAM, ile memori ya muda. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba ukiigandisha RAM kwa baridi ya kopo la hewa ya kupulizia vumbi lililogeuzwa juu chini, ufunguo unabaki humo dakika kadhaa hata umeme ukikatwa, mtu anauchukua. Kwahiyo ukisafiri na laptopu izime kabisa, usiifunike tu ukaiacha imelala.

Mimi tarakimu zangu 48 ziko kwenye karatasi kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jamaa yangu mmoja yeye alizipiga picha kwa simu, akaihamishia picha kwenye laptopu ileile iliyofungwa, akaifuta kwenye simu kuokoa nafasi.